Jina la Kadi na Tumbo la Kompyuta

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusoma vitabu vya watu wengine na kusema kama vinafaa au havifai. Sikudhani kwamba siku moja ningeombwa kuhakiki kipande cha chuma na plastiki. Lakini kijana wangu wa pili alinijia jioni moja na bahasha yenye shilingi laki tatu na nusu, fedha aliyoipata kwa kutengeneza simu za watu wakati akingoja matokeo ya kidato cha sita. Akasema, "Baba, hela hii ni yangu mwenyewe, lakini naogopa kuikosea. Nisomee." Akanikabidhi karatasi nne alizozichapa, zimejaa majina ya kadi za grafiki.

Kompyuta yenyewe ni mtumba wa ofisi niliomnunulia Kariakoo, kasha jembamba la kulazwa chini ya skrini. Ndani yake mna prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne, ya mwaka 2014, memori ya gigabaiti 8, na pawasaplai ya wati 240 isiyo na waya hata mmoja wa kulisha kadi. Kwa kuandika barua inatosha na kubaki. Lakini Grand Theft Auto V, mchezo uliotolewa kwa kompyuta mwaka 2015, uliishinda. Nilimwona kijana akipunguza ubora wa picha mpaka watu wa mle ndani wakawa hawana nyuso, na bado gari lilikuwa linaruka badala ya kwenda.

Basi nikazisoma zile karatasi kama ninavyosoma riwaya, yaani nikiuliza kwanza: mwandishi anamsemesha nani? Nikaona haraka kwamba hakuwa anamsemesha mwanangu. Wahakiki wa kadi huzipima juu ya prosesa yenye nguvu kuliko zote ili kitu kingine chochote kisiivute kadi nyuma. Ni njia ya haki, sikatai. Bila hivyo hutajua kadi ina uwezo gani. Ila anayetafuta kadi ya bei ya chini hana prosesa hiyo. Anasoma sifa za chakula kilichopikwa katika jiko asilokuwa nalo.

Ya kwanza katika karatasi ilikuwa GeForce GT 1030. Hapa uhakiki wangu ni mkali, na hauhusu nguvu zake. Kadi hii ilitoka mwaka 2017 ikiwa na memori ya aina ya GDDR5, inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikaja nyingine yenye memori ya DDR4, inayopitisha gigabaiti 16.8 tu, kiasi cha theluthi moja. Jina likabaki lile lile, 1030. Mwandishi wa vitabu akitoa toleo la pili lililopunguzwa kurasa mbili kati ya kila tatu, bila kubadili jalada, tutamwitaje? Nilipomuuliza muuzaji mmoja ile aliyoishika ni ipi, alinijibu kwa upole, "Zote ni 1030, mzee." Na kweli, zote ni 1030.

Ya pili ilikuwa Radeon RX 6400 ya mwaka 2022, na hii ndiyo iliyoniweka macho usiku. Ukiitazama juu juu utasema imeshonwa kwa kipimo cha kompyuta yetu. Inatumia wati 53, haihitaji waya wa ziada, ziko za kimo kifupi, na hujaza nafasi moja tu. Lakini chipu yake ilibuniwa kwanza kwa ajili ya kompyuta za kupakata, na inaunganishwa na ubao mkuu kwa njia nne tu za PCI Express, badala ya kumi na sita. Kwenye ubao wa kizazi cha nne, njia hizo nne hupitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde. Ubao wetu ni wa kizazi cha tatu. Hapo zinapitisha 4. Memori ya kadi ni gigabaiti 4, nayo ikijaa, picha zilizobaki hazina budi kupita katika uchochoro huo, na mchezo unakwama. Wapo wahakiki walioipima kwenye ubao wa zamani wakalionyesha jambo hili, na nawashukuru. Mwenye kompyuta mpya hapotezi mengi. Anayepoteza ni mwenye kasha jembamba la zamani, yaani yule yule ambaye umbo la kadi linamwita.

Nilimweleza kijana haya yote. Akanisikiliza, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza: "Sasa hiyo isiyo na uchochoro itaingia?"

Alimaanisha GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019. Nayo ina gigabaiti 4, lakini ina njia zote kumi na sita, na kwa toleo lake la kawaida inaridhika na wati 75 zinazotoka kwenye tundu la ubao. Prosesa yetu imeandikiwa wati 84. Jumla 159, hivyo pawasaplai haikunitisha sana. Tatizo ni unene. Hata ile ya kimo kifupi hukalia nafasi mbili. Mama yake akatuazima futi ya kushonea, tukakata boksi la sabuni kwa vipimo vya kadi, tukaliingiza ndani ya kasha. Lilipita, likabakiza upana wa kidole kabla ya kugusa pawasaplai. Kidole cha kijana, si changu.

Aliipata iliyotumika, kwa laki tatu kasoro kidogo, na hakuitoa hela mpaka muuzaji alipoiwasha mbele yake na kuiacha ikicheza nusu saa. Hilo hakulisoma kwenye karatasi wala kwangu. Amelijua kwenye simu.

Sasa watu wa mle ndani wana nyuso, na gari linakwenda. Lakini akiingia katikati ya mji, penye magari na watu wengi, bado mchezo hushikwa na kigugumizi kidogo. Hiyo ni prosesa ya mwaka 2014, nayo hakuna kadi katika zile karatasi nne ambayo ingeitibu. Nilimwambia hivyo. Akasema anajua, akaendelea kuendesha.