Funda Lisilomezwa

Anayetasa huchukua funda la pombe, au la maji ya miwa ambayo hayajachacha, akalizuia mdomoni, kisha akalipuliza nje kwa manyunyu na kusema yaliyo moyoni mwake. Hakuna jengo. Hakuna kitabu, wala kengele, wala mtu mwenye joho wa kumwongoza. Wataita, au Wadawida kama wengi wao wanavyojiita, walikuwa wakisali hivi, yaani wakitasa, milimani kwao kabla misheni haijafika Sagalla mwaka 1883 na Bura mwaka 1892, na waliohamia huku Taveta kufuata mashamba na biashara ya mpakani mwa Kenya na Tanzania walishuka na ujuzi huo vifuani mwao. Nauita ufundi, na nina sababu. Nimeishi kati ya watu wanaosali sana, misikitini, makanisani na kwenye mahema ya mikutano ya injili, na sijaona sala iliyosanifiwa vizuri kuliko hii.

Shabaha yake ni hasira. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi na Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliliona jambo hilo kuwa kubwa kiasi cha kulipa nafasi katika jina la kitabu chake, Casting Out Anger, kilichotoka mwaka 1978. Katika imani aliyoieleza, mtoto anapougua asipone, mifugo inapokufa au mvua inapokataa, watu huuliza: ni nani aliyekasirika? Huenda ni Mlungu, Mungu mwenyewe. Huenda ni wahenga wa ukoo, wale ambao mafuvu yao yaliwekwa mapangoni. Lakini huenda pia ni mtu aliye hai, tena wa karibu kabisa: baba aliyepuuzwa, mke aliyetukanwa, mjomba aliyenyimwa kilicho chake. Hasira ya mtu huyo hudhuru hata kama mwenyewe hakukusudia. Yatosha kwamba imekaa pale ilipokaa. Mpiga ramli huutaja moyo wenye hasira, na kazi yake huishia hapo. Kutasa ni kwa mwenye moyo.

Hilo ndilo ninalolisifu kuliko yote. Tumezoea kumwachia mtu mwingine kazi ya kusali. Tunaomba misa isomwe, tunamwita mwalimu atusomee dua, tunatuma ujumbe kwenye kundi la simu tukiomba tuombewe. Ni njia za huruma, na nimezitegemea katika siku ngumu. Lakini kinyongo nilichonacho kwa ndugu yangu hakuna anayeweza kukitema kwa niaba yangu. Askofu hawezi. Mama yangu mzazi hawezi. Kutasa kumejengwa juu ya ukweli huo, na kwa hiyo hata mzee asiye na cheo chochote, au mwanamke aliyeolewa juzi katika ule ukoo, anaweza kuwa ndiye mtu ambaye nyumba nzima inamngoja.

Tazama kazi yenyewe inavyokwenda. Kwanza kinywa kinajazwa. Aliyejaza kinywa hawezi kusema, na mwenye hasira ndiye hasa anayehitaji kunyimwa maneno kidogo. Kinywaji ni kitamu, mate yanakichanganya, na mwili wote unataka kukimeza. Hakimezwi. Kisha huja pumzi. Hakuna anayeweza kupuliza manyunyu huku kifua kimekazana. Lazima avute hewa kwa pua, kifua kijae, mabega yashuke, ndipo atoe kwa nguvu. Tayari mwili umeshafanya jambo ambalo maneno peke yake yangelikwepa. Mtu anaweza kusema kwamba amesamehe huku meno yakiwa yameumana. Kupuliza huku meno yameumana hawezi.

Ndipo maneno hufuata. Hayakaririwi, na hapo ndipo fundi hutofautishwa na asiye fundi. Anataja kilichomuuma, anakiachilia, kisha anataka mema: mtoto apone, ng'ombe wazae, mvua inyeshe, nyumba itulie. Asiyejua hurefusha lawama hadi baraka ikose nafasi, au hukimbilia baraka kabla jambo halijatajwa. Nilimsikiliza nyanya mmoja, mcha Mungu wa kanisani, akifanya hivi kwa maji matupu kwa kuwa pombe alishaiacha. Lawama yake ilikuwa sentensi moja: mahari ya mjukuu wake ilizungumzwa bila yeye kuambiwa. Hakutukana, hakulia. Kisha akaanza kuwataja wajukuu kwa majina, kila mmoja na ombi lake, na ombi refu kuliko yote akampa yule aliyemkosea. Wajukuu wenyewe walikuwa wameketi hapo hapo wakimsikia.

Ni sala ya mtu binafsi, lakini haifichwi. Siku hizi tukisema sala ya binafsi tunafikiria mlango uliofungwa na macho yaliyofumbwa. Kutasa ni kwa mtu mmoja kwa maana nyingine: moyo ni wake, kinywa ni chake, na walioathirika na hasira yake wana haki ya kushuhudia ikitoka. Mlungu anasikia, wahenga wanasikia, na mkwe aliyeketi kwenye kigoda naye anasikia.

Najua swali litakaloulizwa, hasa hapa Taveta. Hii ni nchi yenye madai mazito. Mashamba makubwa ya mkonge yalikatwa enzi za wakoloni, jumba la mlowezi Ewart Grogan bado limesimama juu ya kilima chake tangu miaka ya 1930, na kuna familia zinazoitwa maskwota mahali walipozaliwa babu zao. Kumwambia mtu wa namna hiyo atoe hasira, si ni kumnyamazisha? Nimelifikiria sana jambo hili, na naamini kutasa hakufanyi hivyo. Anayeambiwa asamehe na asahau huwa ameambiwa kwamba hasira yake ni kelele. Anayetakiwa kutasa ameambiwa kwamba hasira yake ina uzito wa kutosha kumlaza mtoto kitandani. Anatafutwa, anaketishwa, anapewa kinywaji, na watu wanakaa kimya ili aseme. Hata hivyo ufundi huu una mpaka wake. Ulitengenezwa kwa watu wanaogawana kisima na watoto. Hatimiliki ya ardhi haipatikani kwa funda la maji ya miwa, na sitamshauri yeyote aache kwenda mahakamani.

Penye kufaa ni karibu zaidi. Migomba na nyanya za Taveta huishi kwa mifereji ya maji ya mto Lumi na chemchemi za Njoro, na maji ya mfereji huenda kwa zamu. Jirani wa juu akiyaziba usiku, wa chini huamkia udongo mkavu. Jumamosi wote wawili wako sokoni, mafungu yao ya ndizi yamepakana; Jumapili wako kanisa moja, na kila mmoja anamwomba Mungu ambariki. Wasichoambiana kinakaa kati yao mwaka mzima, na wote wawili wanaendelea kuomba mvua.

Dini kubwa zinalijua tatizo hili. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, mwenye kuleta sadaka anaambiwa aiache madhabahuni akapatane kwanza na ndugu yake. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, milango ya Pepo hufunguliwa Jumatatu na Alhamisi, na waja husamehewa isipokuwa wawili wenye uhasama, ambao msamaha wao hungojeshwa mpaka wasuluhike. Mafundisho yapo, ya zamani na ya wazi. Ninachokikosa misikitini na makanisani kwetu ni mkono wa kuyatekeleza: wapi hasa katika ibada ya wiki mtu husimama akataja kinachomchoma? Kupeana mikono na aliye karibu huchukua nusu dakika, na aliye karibu kwa kawaida si yule tuliyekosana naye.

Wala tendo lenyewe si geni kwa majirani. Wamaasai hubariki kwa mate. Pwani, msomaji wa Kurani humaliza aya zake akapuliza juu ya maji atakayokunywa mgonjwa. John Mbiti, Mkamba aliyekusanya sala za bara zima katika kitabu The Prayers of African Religion mwaka 1975, alionyesha jinsi watu wa kawaida walivyozungumza na Mungu moja kwa moja, kwa maneno ya siku hiyo, juu ya ng'ombe na homa na safari. Wataita wameongeza sharti la kuanzia: kabla ya kuomba, toa.

Misheni ziliwataka waumini wao waache pombe na matambiko, na milimani wapo wanaoona aibu kulitaja neno kutasa mbele ya mchungaji. Misitu ya fighi, iliyolinda mipaka ya jamii, imebaki vipande. Siwaombi Wakristo wa milimani warudi mapangoni. Naomba tu ufundi huu usihesabiwe kuwa ujinga uliopita, maana una jambo moja ambalo wahubiri wa mahema yetu hawajalifikia. Mgonjwa asipopona baada ya maombi yao, huambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Mtoto asipopona baada ya kutasa, lawama haimrudii mtoto. Wakubwa wake hurudi kwa mpiga ramli wakauliza ni moyo wa nani mwingine, na huyo naye huitwa aje, hata kama anakaa mbali, hata kama ni mtu mkubwa ambaye hakuna aliyetaka kumsumbua.