Fundi Asiye na Jina

Kisa cha Erasto Mpemba wengi tunakijua. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, mkoani Tanga, aliingiza maziwa yake ya aiskrimu kwenye friza yakiwa bado ya moto, kwa kuogopa kukosa nafasi. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Sawa. Lakini makala yenyewe tumeisoma wangapi?

Inaitwa "Cool?", na hiyo alama ya kuuliza ni sehemu ya jina. Ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, kurasa chache tu. Leo naizungumzia kama maandishi, na hasa namzungumzia mwandishi wake wa pili, Denis Osborne, ambaye huwa tunampita haraka. Wakati ule alikuwa akifundisha fizikia chuo kikuu Dar es Salaam. Baadaye aliachana na kazi hiyo, akaingia utumishi wa serikali ya Uingereza hadi akawa balozi wake Malawi.

Anayeanza kusimulia ni Mpemba, na anasimulia kama mtu aliyekaa barazani. Mwalimu wa kwanza alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Wenzake wakaudaka utani huo: kila akikosea swali, basi ni "ya Mpemba". Anayaeleza haya bila kulia lia, ndiyo maana yanauma.

Kisha anaingia Osborne. Alikuja kuzungumza na wanafunzi, Mpemba akasimama akauliza: mbona maji ya nyuzi 100 yanaganda kabla ya maji ya nyuzi 35? Darasa likacheka. Osborne anakiri waziwazi kwamba na yeye alidhani kijana amekosea. Alichomzidi mwalimu wa darasani ni kitu kimoja tu: aliahidi kwenda kupima.

Maoni yake yametolewa kama mazungumzo tu, lakini ni mazito. Anasema swali lisidharauliwe kwa sababu linaonekana la kipuuzi, kwamba mambo ya kila siku huwa na mikunjo mingi kuliko yanavyoonekana, na kwamba fizikia inayotegemea amri ya mwalimu ni hatari. Akifika kwenye vipimo na utando wa mafuta juu ya maji, sauti yake inakauka, lakini hilo namsamehe.

Nisilomsamehe ni mzaha wake. Anasimulia kwamba fundi wa maabara alileta jibu kwamba maji ya moto kweli yalitangulia kuganda, ila akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi. Hapo kila msomaji anacheka, hata mimi nilicheka. Lakini hebu tazama: kosa la fundi ni lilelile la walimu, na ni lilelile alilokiri Osborne mwenyewe aya chache kabla. Mpemba ana jina, Osborne ana jina. Aliyetia maji kwenye friza na kuleta habari asiyoiamini, bila kuificha, ndiye asiye na jina, na ndiye anayechekwa. Makala inayotetea anayechekwa imejipatia mwingine wa kumcheka.

Mwaka 2016 Burridge na Linden walichapisha utafiti wao: walipima, wakapitia na vipimo vya wengine, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa haraka zaidi. Je, makala imekufa? Kwa anayeishika kama kombe la taifa, labda. Kwa anayeisoma ilivyoandikwa, hapana, maana inachoomba ni kupimwa, na alama ya kuuliza bado ipo pale juu.

Hofu yangu ni sisi. Nimewasikia watu wazima wakijibu kwamba hiyo ni fizikia ya Wazungu, wametuonea wivu. Yaani sentensi ileile ya Mkwawa, imegeuzwa shingo tu. Ukimpenda Mpemba, usimlipe kwa kuwa mwalimu wake. Weka vikombe viwili kwenye friza, shika saa, na likija jibu usilolitaka, lilete hivyo hivyo, kama fundi yule.