Barua Chini ya Mzambarau

Msimu uliopita wa kuchuma kahawa, binti wa kaka yangu alikuja Kingerikiti kutoka Dar es Salaam kunijulia hali. Baada ya shikamoo na habari za safari alitoa mkobani kitabu cha hadithi fupi za mapenzi za Kiafrika, kilichohaririwa na Ama Ata Aidoo wa Ghana na kutolewa mwaka 2006. Alikuwa amekunja ukurasa mmoja. "Shangazi," aliniambia, "soma hii tu, halafu tuongee."

Hadithi yenyewe ni "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Mimi nilifundisha Kiswahili na fasihi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nilidhani nitaisoma kama nilivyozoea: fani upande huu, maudhui upande ule, kisha majibu ya mtihani. Nilikaa nayo jioni ile baada ya kuianua kahawa uani. Nilipoimaliza sikuweza kulala, na sababu yake nitaieleza kabla sijaweka kalamu chini.

Jambula ni mti ule ule tunaouita mzambarau. Mtoto yeyote aliyekulia karibu na mti huo anajua tabia yake: ukila zambarau kwa siri, utafuta mikono na kupangusa midomo, lakini ukifunguliwa kinywa tu ulimi wako utakusema. Chini ya mti wa namna hiyo ndipo Anyango na Sanyu wanapogundua kwamba urafiki wao umekuwa kitu kingine. Ni wasichana wa mtaa wa nyumba za Nakawa, jijini Kampala, waliokwenda shule pamoja tangu utoto. Wanaonwa. Habari zinasambaa mtaani, na Sanyu, ambaye wazazi wake wana uwezo zaidi, anapelekwa London. Anyango anabaki. Anasoma, anakuwa muuguzi katika hospitali ya Mengo, na katika chumba chake kidogo ametundika picha mbili za mizambarau alizomwagiza msanii wa mjini amchoree. Miaka imepita. Sasa Sanyu anarudi nyumbani, na Anyango anamwandikia barua. Hadithi nzima ndiyo barua hiyo. Mwaka 2007 ilimpatia mwandishi wake Tuzo ya Caine, naye akawa Mganda wa kwanza kuipata.

Wengi waliosikia habari za hadithi hii wanajua jambo moja tu, kwamba inahusu mapenzi ya wasichana wawili. Kwa wengine hiyo ni sababu ya kuisifu hata kabla ya kuisoma, na kwa wengine ni sababu ya kuilaani kwa mtindo huo huo. Mimi naona wote wanaionea. Hii ni hadithi ya kukua. Na kukua, kwa Anyango, si kupata kazi wala kupata chumba chake mwenyewe. Ni kutambua kwamba kuna jicho linalokutazama, na kwamba tangu siku hiyo kila utakachopenda utakipenda huku ukijua jicho hilo lipo.

Jicho hilo lina jina. Ni Mama Atim, jirani wa mlango wa pili, mwanamke ambaye mdomo wake haupumziki. Tazama jinsi mwandishi alivyopanga mambo. Barua inaanza kwa Anyango kueleza kwamba amesikia Sanyu anarudi. Amesikia kutoka kwa nani? Kwa Mama Atim. Mdomo ule ule uliowatenganisha ndio unaoleta habari za kuwakutanisha. Msomaji mwenye haraka atapita hapo bila kusimama, lakini ukweli wote wa maisha ya jirani na jirani umo katika jambo hilo dogo. Huwezi kumkimbia Mama Atim, kwa sababu unamhitaji. Hapa kwetu akina mama wanaopandisha usipa kutoka ziwani huuza samaki kwa kopo na habari bure, nasi tunawasubiri kwa vyote viwili. Bila wao tusingejua nani kafiwa wala nani kajifungua. Shida ni kwamba mtu anayebeba habari za msiba hawezi kuchagua asibebe nyingine.

Sifa ya pili ya hadithi hii ni kule kuwa barua. Tulifundisha kwamba mtindo wa barua humleta msomaji karibu na mhusika. Ni kweli, lakini si yote. Barua ya Anyango ina mtu mmoja tu wa kuisoma, naye ni Sanyu. Mimi na wewe, ndugu msomaji, hatukuandikiwa. Tunasoma kwa kuchungulia begani. Kwa hiyo tangu mstari wa kwanza tunapaswa kuchagua: tusome kama Sanyu, ambaye anakumbuka na kusikitika, au tusome kama Mama Atim, ambaye anatafuta cha kwenda kusema? Mwandishi hatulazimishi. Anatuachia barua mikononi.

Kasoro ninayoiona inamhusu Mama Atim mwenyewe. Tunamjua kwa mdomo wake kuliko kwa moyo wake. Anachekesha, anaudhi, anatisha, lakini hatuambiwi vya kutosha anapata nini katika kazi yake. Mtu anaweza kujibu kwamba Anyango ndiye mwandishi wa barua, na hatuwezi kumdai aingie moyoni mwa aliyemuumiza. Nakubali. Hata hivyo pengo hilo lipo, nami naweza kulijaza, kwa kuwa kazi hiyo niliwahi kuifanya.

Katikati ya miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya bweni ya wasichana. Usiku mmoja, nikisahihisha insha za kidato cha tatu kwa mwanga wa taa ya chemli, nilikuta barua ndani ya daftari. Ilikuwa ya mwanafunzi mmoja kwenda kwa mwenzake, imesahauliwa humo. Haikuwa na jambo lolote la kumwonea mtu aibu, ila upendo, ulioandikwa kwa Kiswahili safi kuliko insha yoyote niliyoisahihisha mwaka ule. Niliisoma mara mbili. Asubuhi niliipeleka kwa mkuu wa shule.

Nilijiambia kwamba nawaokoa. Pengine niliamini. Lakini nakumbuka pia kitu kingine ambacho sikukisema kwa mtu yeyote: nilijisikia mtu wa maana. Mimi niliyekuwa mdogo kuliko walimu wote, ambaye maoni yangu hayakuulizwa katika kikao chochote, siku ile milango ilifungwa na wakubwa wakanisikiliza. Hicho ndicho ninachokikosa kwa Mama Atim. Wambea wengi si watu wabaya. Ni watu wasiosikilizwa, na siri ya mwingine ndiyo mali pekee waliyonayo ya kuwafanya wasikilizwe.

Mmoja wa wasichana wale alifuatwa na baba yake. Aliondoka na sanduku lake la bati juu ya lori. Muhula uliofuata hakurudi, wala mimi sikuuliza. Mwenzake alibaki, akamaliza shule, lakini darasani hakunyoosha tena mkono.

Mwaka 2018 mwongozaji wa Kenya, Wanuri Kahiu, aliigeuza hadithi hii kuwa filamu na kuiita "Rafiki". Kampala imekuwa Nairobi, wasichana wamekuwa Kena na Ziki, na baba zao wanagombea nafasi moja ya siasa. Mama Atim yumo, safari hii ana kibanda chake cha biashara, mahali panapofaa kabisa kwa mtu wa kuona na kusikia. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza ndefu kutoka Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, lakini nyumbani bodi ya filamu iliipiga marufuku. Mwezi Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba. Filamu inatuonyesha ngumi za kundi la watu, na inaumiza kutazama. Lakini kwangu hadithi ina nguvu zaidi, kwa sababu humo pigo kubwa ni neno tu.

Jina la filamu, hata hivyo, ni zuri kuliko la hadithi. Rafiki ndilo neno ambalo mtu wa namna hiyo hulitumia anapomtambulisha ampendaye mbele za watu. Nasi Waswahili tuna neno lingine lenye kisa chake. Zamani mwanamke wa pwani alimwita mwanamke mwenzake shoga, maana yake mwandani wake, wa kumwambia ya moyoni. Wako wanaolitumia hivyo hata leo, ingawa kwa tahadhari, kwa sababu mitaani limegeuzwa kuwa tusi. Lugha iliyokuwa na jina la upole kwa ukaribu wa watu wawili ikalifanya jiwe. Halikugeuzwa na wanazuoni. Tuliligeuza sisi, mdomo kwa mdomo.

Nyumba za Nakawa zilibomolewa mwaka 2011, kwa hiyo mtaa wa Anyango sasa umebaki katika karatasi. Lakini jicho halikubomolewa. Mwaka 2023 Uganda ilitunga sheria kali dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, yenye kifungo cha maisha. Ndani yake kilikuwamo kifungu cha kuwalazimisha watu kupeleka taarifa polisi. Mahakama ya Katiba ilikiondoa kifungu hicho mwezi Aprili 2024, huku ikiacha sehemu kubwa ya sheria. Nilipozisoma habari hizo nilifikiri kwamba watunga sheria walitaka kumpa Mama Atim cheo, na kwamba hawakuwa na haja. Mimi sikulazimishwa na sheria yoyote.

Msomaji anaweza kuwa na imani yake na msimamo wake juu ya mapenzi ya Anyango na Sanyu. Sikuandika haya ili nimbadilishe. Ninachosema ni kwamba hadithi hii inamuuliza jambo la kabla ya hapo: je, barua isiyo yako ikianguka mikononi mwako, utaifanyia nini? Kazi ya fasihi inayoweza kumuuliza mtu swali hilo akiwa peke yake, usiku, haipaswi kusomwa kwa haraka.

Kabla ya kurudi Dar es Salaam, binti wa kaka yangu aliniuliza, "Umeonaje, shangazi?" Badala ya kumpa fani na maudhui, nilimsimulia habari ya daftari. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuisikia. Alinyamaza muda mrefu akichambua kahawa, akitenga punje mbovu pembeni. Kisha akaniuliza kama nalikumbuka jina la yule aliyeondoka na sanduku.

Nalikumbuka, nikamwambia. Lakini humu sitaliandika. Niliwahi kulibeba mara moja na kulipeleka kwa watu ambao halikuwahusu.