Mkono Unaorudi Chomboni

Chombo kipya kikishushwa majini, kijiji kizima hushuka ufukweni. Kamba huvutwa kwa nyimbo, dua husomwa, watoto hukimbilia majini na nguo zao. Baada ya miezi, chombo hichohicho kikiwa kimekaa mchangani na mtu mmoja amechuchumaa ubavuni mwake akichokoa pamba iliyooza kwenye mwanya wa mbao, hapana anayesimama kumtazama. Mimi husimama. Nimesimama Matondoni, kisiwani Lamu, na Nungwi, kaskazini ya Unguja, na kila mara imani yangu imezidi kukaza: anayekarabati chombo ana kazi kubwa kuliko aliyekiunda, na yeye ndiye aliyetutunzia ufundi huu mpaka leo.

Kazi yake huanzia kwenye mwezi. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, tofauti ya maji makuu na maji yaliyotoka hufika karibu mita 4 hapo Unguja. Nahodha anayetaka mashua yake itazamwe huileta ufukweni maji yakiwa yamejaa kabisa, akaiacha maji yatoke. Mashua hubaki juu, imeshikwa na magadi, miti inayotegemezwa huku na huku ili isilale ubavu. Kazi ikiwa ndogo humalizwa kabla ya maji kurudi, na fundi ana saa chache tu za kwenda nazo. Ikiwa kubwa, chombo huachwa hapohapo juu, kwa kuwa maji mafu hayakifikii, hadi bamvua la pili lije kukichukua, kama wiki mbili hivi. Fundi wa vyombo anaijua kalenda ya mwezi kwa mikono yake. Kazi aliyoichelewesha siku mbili itamngoja nusu mwezi.

Msimu nao una neno lake. Kusi likikaza, Juni hadi Agosti, bahari ya nje huchafuka, na mwenye mashua ndogo ana sababu ya kuipandisha. Ndiyo miezi ambayo ufukwe hujaa milio ya nyundo.

Kabla ya nyundo, moto. Mbao inayoishi majini ina adui ambaye jicho halimpati kwa urahisi. Kwa nje utaona vitundu vidogo, vichache, vya kupuuzwa. Aliyeingia humo ni wa jamii ya chaza, ingawa mwili wake umerefuka ukawa wa mnyoo. Kombe lake limebaki vipande viwili vidogo upande wa kichwa, na kwa vipande hivyo anaichimba mbao. Huingia angali mchanga kabisa, hukulia ndani, na mlango aliouingilia haupanuki. Ubao unaweza kuwa umekwisha kuliwa huku uso wake ukiwa mzima. Kwa hiyo makuti makavu huwashwa, na moto hupitishwa chini ya tumbo la chombo, hatua kwa hatua, uunguze majani na magamba ya chaza, joto lake lizame mbaoni limuue aliye ndani. Anayeshika makuti hasimamishi moto mahali pamoja. Akizubaa kidogo ataunguza ubao, na akiharakisha sana atakuwa amechoma majani tu. Nimeona watu wazima wakinyamaza wote wakati moto unapita.

Kisha fundi hugonga. Hugonga ubao baada ya ubao, kuanzia mkuku kupanda juu, kutoka omo mpaka tezi, na kusikiliza. Ubao mzima hujibu. Uliooza humeza mlio. Anaweka alama kwa mkaa, anaendelea. Ni hapo tu ndipo mwenye chombo hujua gharama yake.

Sasa kalafati yenyewe, kazi ya kuziba mianya ya mbao, ambayo ndiyo hasa niliyokusudia kuisifu.

Mbao mbili zikilazwa ubavu kwa ubavu, hata zichongwe na fundi gani, maji yatapata njia kati yao. Njia hiyo hufungwa kwa pamba. Fundi huondoa kwanza ile ya zamani kwa chuma chenye ncha iliyopinda, na huendelea kusafisha mpaka aione mbao safi pande zote mbili, maana pamba mpya haishiki juu ya uchafu. Pamba husokotwa, hulowekwa mafuta, ya nazi au ya ufuta au sifa ya papa, halafu husukumwa ndani ya mwanya kwa patasi butu na nyundo, kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Maelezo yanaishia hapo, na msomaji anaweza kudhani ameshaelewa. Lakini ujuzi wote umo katika kiasi.

Mbao haijatulia hata baada ya kukatwa. Nchi kavu husinyaa, majini hunywa na kutanuka. Fundi anatia pamba kwenye mwanya uliopanuliwa na jua, ilhali mwanya anaoutengeneza ni ule utakaokuwapo baada ya siku kadhaa majini, umeshabanwa na mbao zilizovimba. Akitia haba, maji yatapita. Akishindilia kupita kiasi, ubao ukivimba utakosa pa kwenda. Utausukuma ubao wa jirani, utalegeza misumari iliyoushika kwenye taruma, mbavu za chombo, na chombo kilichopandishwa kwa uvujaji mmoja kitarudi majini kikivuja mahali patatu. Anajua kwamba msaji hauvimbi sana, na kwamba mbao laini hunywa zaidi. Anajua jua la ufukweni limekausha ubavu mmoja kuliko mwingine. Hesabu hiyo haandiki popote. Imo katika uzito wa nyundo.

Na imo masikioni. Pamba ikiwa bado ina nafasi, mlio wa nyundo huwa mzito, umezama. Inapojaa, mlio hupanda na kukaza, na fundi husogeza patasi mbele kabla hata hujatambua kwamba umebadilika. Mafundi wanne wakifanya kazi kwenye chombo kimoja, ufukwe wote unavuma, na bado kila mmoja anausikia mwanya wake. Ndiyo maana wapo mafundi wazee ambao macho yao yamechoka na kazi yao haijashuka. Kijana anayejifunza hupewa kwanza pamba asokote, kisha mafuta apashe, kisha maji ya ngama afue, na katika muda wote huo masikio yake yanafundishwa bila yeye kujua. Sijui shule nyingine inayofundisha kwa subira ya namna hii.

Misumari nayo ina adabu zake. Tundu hutobolewa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke, na msumari huvishwa pamba yenye mafuta chini ya kichwa chake, isije chumvi ikaufuata ndani. Ukimwona fundi anayepigilia msumari mkavu, mtafute mwingine.

Kilichobaki ni kupaka. Chini ya mstari wa maji hupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu, kwa viganja vya mikono, ikiwa vuguvugu bado. Juu hupakwa sifa, na harufu yake hukaa ufukweni siku nyingi. Wageni huikimbia. Kwangu ni harufu ya kazi iliyofanywa sawasawa. Siku hizi wengi hununua rangi ya madukani yenye shaba ndani yake, ambayo hufukuza chaza na hudumu kuliko deheni, na siwezi kumlaumu mvuvi anayeichagua. Ila deheni, kwa kutodumu kwake, ilimlazimisha mtu kukitazama chombo chake kila baada ya miezi michache. Rangi inayodumu huongeza muda ambao hakuna anayeinama kuangalia chini.

Sitakaa sana kwenye kamba na tanga, japo kila kimoja kinastahili insha yake. Niseme tu kwamba mikono ya ukarabati si ya wanaume peke yao. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, Jambiani na Makunduchi, wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa ufukweni kwa miezi mingi, huyafukua, huyatwanga na kuyasokota kamba, na kwa karne nyingi hakuna foromali iliyopanda mlingotini bila kamba za namna hiyo. Tanga nalo lina safari yake. Katika karne ya 19, baada ya Sultani Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, pamba iliyofumwa Massachusetts ilishuka Unguja kwa wingi kupitia wafanyabiashara wa Salem, na mabaharia wetu wakashonea matanga. Kitambaa kilitoka mbali, lakini viraka vilishonwa hapahapa.

Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliosema hivyo walikuwa wakifikiria nyumba. Kwenye chombo, asiyeziba ufa hapati nafasi ya kujenga chochote, kwa sababu ufa utamkuta kwenye mkondo, usiku, na watu wake ndani.

Zipo mashua zilizobadilishwa ubao mmoja mwaka huu, mbao mbili mwaka ujao, taruma moja, kipande cha gubeti, usukani, mpaka sehemu kubwa ya mbao alizozipigilia muundaji wa kwanza zikawa zimeondoka. Jina la chombo ni lilelile, na mwendo wake ni uleule. Ni nani basi aliyeunda mashua hiyo? Mimi nasema ni wale wote walioirudia. Na kila aliyeirudia alipata kitu ambacho muundaji hapewi: alipong'oa ubao wa zamani aliona kwa ndani jinsi mwenzake wa zamani alivyochonga, wapi alibahatisha, wapi alikuwa bingwa. Kuunda chombo huja mara chache katika maisha ya fundi wa kawaida. Kukarabati huja kila msimu. Kwa hiyo elimu ya vyombo inakaa kwenye ukarabati, na huko ndiko inakopokezanwa.

Ushahidi wangu ni mtepe. Mwandishi wa Kiyunani wa karne ya kwanza aliandika kwamba katika pwani hii kulikuwa na vyombo vilivyoshonwa, na mtepe wa Lamu na visiwa vyake ulikuwa ndugu wa vyombo hivyo: mbao zilizofungwa kwa kamba za kumbi bila msumari, na tanga la mkeka. Kamba zilizochakaa zilihitaji mtu wa kuzibadilisha. Mradi watu hao walikuwapo, mtepe ulikuwapo. Vyombo vya misumari vilipochukua shehena zake, na hapakuwa tena na mtepe wa kushonwa upya, mikono iliyojua kushona ilikosa kazi, na kufikia katikati ya karne ya 20 chombo hicho kilikuwa kimetoweka baharini. Mwaka 2003 uliundwa mtepe mmoja Zanzibar ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib, na ni jambo jema mno kwamba uliundwa. Lakini kilichopotea hakikuwa umbo lake. Umbo lilikuwa limehifadhiwa katika picha na mifano midogo. Kilichopotea ni mazoea ya kila mwaka.

Leo boti za faiba zinaongezeka, na zina faida zake za kweli: ni nyepesi, hazihitaji pamba, mdudu wa mbao hazigusi. Mbao nzuri nazo zimekuwa adimu. Mbambakofi na mkomafi haiko karibu kama zamani, na misitu ina haki ya kulindwa. Sitaki kuwafanya mafundi wetu watu wa kuogopa vitu vipya, kwa kuwa si kweli. Mwaka 2018, hapo Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini chombo cha mita 9 kilichoundwa kwa plastiki zilizotupwa na kuvishwa kandambili zilizookotwa ufukweni, na mapema mwaka 2019 kikasafiri mpaka Unguja. Plastiki ile ilikatwa na kuungwa na watu waliojifunza kwenye mbao. Mkono uliozoea kurekebisha hupata njia hata katika kitu ambacho babu yake hakukiona. Mtu aliyefunzwa kununua kipya tu hana cha kuanzia.

Ninachohofia ni malipo. Muundaji hulipwa kwa heshima, kwa kikao na kwa makubaliano. Fundi wa kalafati huitwa asubuhi, hupatana bei huku maji yanatoka, na mara nyingi hungoja pesa yake mpaka chombo kipate samaki. Vijana wanaona hivyo, wanaenda kuendesha bodaboda. Nani atawalaumu?

Wenye vyombo, basi, walipeni mafundi hawa siku ileile ambayo chombo kinaelea, kabla ya safari ya kwanza, na kazi ya wiki mbili muihesabu kuwa ni kazi ya wiki mbili. Vyuo vya ufundi vya pwani, waiteni wazee wa Matondoni na Nungwi waje kufundisha, hata wasio na cheti. Nawe unayepanda mashua kwenda Pate, Tumbatu au Chole, muulize nahodha chombo chake kilikalafatiwa lini na nani. Ni swali la haki, na nahodha mwema hatalichukia.