Onyo Hutangulia Spana

Lubudi ni mji uliolelewa na saruji, na penye saruji pana tanuru, vinu na mikanda ya mashine isiyojua huruma. Huko fundi husifiwa kwa mikono yake, na ni haki yake. Lakini yupo fundi mwingine asiyetajwa na mtu, yule aliyepanga kurasa za kitabu cha mashine. Kazi yake ni kujua mahali pa kila neno. Onyo la kuzima umeme na kutia kufuli kwenye swichi likikaa juu ya hatua ya kufungua kinu, linaokoa. Likikaa mstari mmoja chini yake, mkono umeshaingia. Tena mpangaji huyo hupima uzito wa kila onyo. Kanuni za Marekani ziitwazo Z535, ambazo mwaka 2006 zilipata sehemu inayohusu vitabu vya aina hii, hutenga nyekundu kwa hatari ambayo isipoepukwa itaua au kulemaza, rangi ya machungwa kwa ile inayoweza kufanya hivyo, njano kwa jeraha dogo, na buluu kwa hasara ya chombo tu. Kinachostahili sifa kuliko rangi zote ni pembetatu yenye alama ya mshangao. Huwekwa panapotishiwa mwili wa mtu. Panapotishiwa chuma peke yake, haiwekwi. Aliyebuni hivyo alijua kwamba rangi hufa na umbo hubaki.

Na rangi hufa kweli. Mashine huhama kutoka mgodi hadi mgodi kati ya Kolwezi na Likasi, na kitabu chake huifuata kikiwa nakala ya nakala, nyekundu na njano zote zimekuwa kijivu. Kwa upande mwingine, vitabu vipya hurundika maonyo yote kurasa za mwanzo, kana kwamba msomaji wake ni hakimu. Linaloua linapigiwa kelele sawa na linalokwaruza rangi, na fundi, kwa akili zake timamu, anayaruka yote.

Wapo watakaosema fundi hasomi, hujifunza kwa kumtazama mkubwa wake. Ni kweli, na elimu hiyo si ndogo. Ila mkubwa hurithisha ajali alizoziona na kunusurika. Ile ambayo haijawahi kumfika hana namna ya kuifundisha, na ndiyo hasa kitabu kinayoijua. Wengine watasema picha zinatosha, hazihitaji lugha. Tuchukue alama ya mionzi, ile ya mbawa tatu, iliyobuniwa California mwaka 1946, mwaka mmoja tu baada ya urani ya mgodi wa Shinkolobwe, jirani yetu hapa, kutumika katika bomu la Hiroshima. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lililazimika kuongeza alama nyingine, yenye fuvu na mtu anayekimbia, baada ya kuijaribu kwa watu wa nchi 11, kwa sababu mbawa zile hazikumwambia kitu asiyefundishwa. Picha nayo ni lugha, na huanza kusema pale tu mtu alipojitaabisha kuwauliza wanaoitazama.

Hapo ndipo uzembe wa leo unapouma. Katika kambi za kampuni ya madini ya Union Minière wafanyakazi waliamrishwa kwa Kiswahili, na migodini amri bado hutolewa kwa Kiswahili. Lakini mashine inashushwa Kolwezi na kitabu cha Kichina na Kiingereza, na aliyeiagiza anahesabu boksi, anatia sahihi, anakifungia kitabu kabatini.