Mizani Hupimwa kwa Jiwe

Anayetaka ushauri wa mfumo wa majaribio kwa kompaila yake simwulizi ana majaribio mangapi. Namwambia kwanza aiharibu hiyo kompaila. Atafute mahali panapozalisha msimbo wa kujumlisha, aweke kutoa, kisha aendeshe majaribio yote. Yakipita, mizani imekwama: umeweka jiwe la kilo na mshale haujaondoka sifuri. Yakifeli kwa kurasa kumi za makelele bila kutaja faili, mstari na kilichotarajiwa, mizani inapima ila haisomeki.

Kisha nafungua faili moja la jaribio, bila kuomba mtu anifafanulie. Katika mradi wa kompaila wa LLVM, wanakotumia lit kuendesha majaribio na FileCheck kulinganisha matokeo, faili huanza na mstari wa maelezo wenye RUN:, yaani amri yenyewe ya kuendesha. Chini yake ipo programu fupi, tuseme inayojumlisha x na 0 na kurudisha jibu. Ndani yake umepachikwa mstari CHECK: ret i32 %x, maana kompaila timamu inapaswa kuona kwamba kuongeza sifuri ni kazi bure, irudishe x ilivyo. Amri, programu na matarajio vimekaa pamoja, na mistari sita imetosha kunielewesha. Lugha ya Go nayo ina mtindo wa jirani: kwenye mstari wenye kosa huandikwa ERROR na maneno yanayotarajiwa.

Ila FileCheck ina mtego wake. Kidole kikiteleza ukaandika CHEKC:, mstari huo unageuka maelezo ya kawaida, na mradi limo agizo jingine sahihi, jaribio linapita kimya. Kwa hiyo jaribio jipya siliamini mpaka nilione likifeli.

Kwa ujumbe wa makosa, mtindo wa lugha ya Rust ndio ninaoupenda zaidi. Ujumbe huhifadhiwa mzima kwenye faili la .stderr pembeni ya programu, na njia za folda hubadilishwa kuwa $DIR ili mashine yangu na yako zisigombane. Lakini lipo chaguo la --bless, linaloandika upya matarajio yafuate kilichotokea. Hapo ndipo uvivu unapoingia: mtu hubariki mafaili arobaini jioni moja, na kosa jipya linapata baraka pamoja na mengine. Ukiuchagua mtindo huu, chagua pia wenzako wanaosoma mabadiliko.

DejaGnu, mfumo wa majaribio unaotumiwa na kompaila ya GCC na uliojengwa juu ya Tcl na Expect, ni mzee anayestahili heshima. Kama msimbo wako unaendeshwa kwenye bodi iliyo mbali na kompyuta yako, mfikirie. Vinginevyo ni mzigo.

Swali la mwisho ni hitilafu mpya itaingia vipi kwenye majaribio. Csmith, zana iliyoelezwa na watafiti wa Utah mwaka 2011, ilitunga programu za C kwa nasibu na kufichua hitilafu zaidi ya 325 katika kompaila. Programu hizo huwa ndefu. Zana ya C-Reduce huzipunguza hadi mistari michache. Mistari hiyo nataka niitupe tu kwenye folda iwe jaribio, bila kuisajili popote. Kama hitilafu bado haijarekebishwa, naweka XFAIL, alama ya jaribio linalotarajiwa kufeli, na siku jaribio litakapopita bila kutarajiwa, lit italihesabu hilo nalo kuwa kosa.