Mapendo ya Mungu: ni ya nani?

Tukisema «nyumba ya Petro», kila mtu anafahamu mwenye nyumba ni nani. Lakini wakatekista na wahubiri wanaposema «mapendo ya Mungu» na kupita mbele, wanaacha fumbo. Je, Mungu ndiye anayependa, ao ndiye anayependwa? Kilatini «amor Dei» kina shida ileile, na Lingala tunayosikia huku Banalia, «bolingo ya Nzambe», vilevile. Wajerumani wanaweza kutenga: «Gottes Liebe» kwa kawaida ni Mungu kutupenda, «Liebe zu Gott» ni sisi kumpenda.

Mtakatifu Augustino, mwaka 412 hivi, alisoma Waroma 5,5 kuwa ni mapendo yanayotufanya tumpende Mungu. Wafasiri wengi wa leo wanafahamu kwamba Mungu ndiye anayetupenda. Tofauti hii si ndogo. Mkristu anayesikia deni lake tu atachoka, na 1 Yoane 4,10 inafundisha kwamba kupenda kulianza kwa Mungu.

Kiswahili kina dawa yake. Tuseme «Mungu anatupenda» ao «tunampenda Mungu», na fumbo linakwisha. Anayehubiri anapashwa kuchagua kwanza, kisha aseme wazi.